Kupima presha sokoni Moshi: shajara ya kikoba chetu, Februari hadi Oktoba 2024

Vikoba viwili vya jirani wameshaniuliza "mlianzaje?", na kila nikieleza kwa mdomo nasahau kipande. Kwa hiyo naandika. Atakayeiga aige na makosa ayaone, maana ndiyo yaliyokula hela.

Kikoba chetu kina wanachama 27, wote wanawake, wote wa soko moja hapa Moshi. Wengi ni wauza ndizi na mboga wanaoshuka alfajiri kutoka Uru, Kibosho na Old Moshi. Mama lishe wapo watano, wa mitumba wawili, fundi cherehani mmoja. Mimi nauza maparachichi, na kule kijijini ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mwaka jana mwenzetu mmoja alianguka akiwa anapanga mikungu, upande wa kulia ukalegea. Tulipomuuliza mara ya mwisho alipimwa lini presha, akasema kliniki ya mtoto wake wa mwisho. Huyo mtoto yuko kidato cha pili.

Mfuko wa jamii ulikuwa na shilingi 240,000. Tukakubaliana zitumike.

3 Februari 2024: manunuzi

Mashine ya kidijitali ya kupimia mkono wa juu 85,000. Betri 4,000. Madaftari makubwa mawili 5,000. Viti viwili vya plastiki vyenye mgongo 30,000. Kadi 100 za kuandikia vipimo, zimechapwa na kukatwa, 15,000. Jumla 139,000, zikabaki 101,000.

Nesi wa zahanati ya kijijini kwetu alilinganisha mashine yetu na ile yake ya kupampu na kusikiliza. Kwa watu watatu tofauti ilikuwa ndogo. Tukaona tuko tayari.

10 Februari: siku ya kwanza, tuliharibu

Tulipima watu 41 kuanzia saa moja asubuhi. Kati yao 29 walikuwa na 140 kwa 90 au zaidi, kiwango ambacho presha inahesabiwa iko juu. Nilirudi nyumbani nimechoka na nimeogopa, nikijua nusu ya soko itaanguka mwezi huu.

Sasa nieleze tulivyopima. Mama anashuka kwenye gari, ameubeba mkungu wa kilo thelathini na kitu kichwani, anautua, anakimbilia kiti kwa sababu mteja yuko njiani. Mkanda tunamfunga juu ya sweta, asubuhi ya Moshi ina baridi na kuvua sweta mbele za watu si jambo. Mkono unaning'inia. Huku anapimwa anaendelea kubishana bei ya chane. Mashine ikitoa namba mimi naisoma kwa sauti ili mwandishi wangu asikie.

Kusoma kwa sauti ndiko kulikotugharimu kuliko vyote. Mama mmoja wa Uru alitoka na 178 kwa 104. Nikaisoma. Waliokuwa kwenye foleni wakashika vifua. Kufika saa nne, soko zima lilikuwa na habari kwamba fulani amepewa mwezi mmoja. Akafunga ndizi zake kabla ya wakati, akaondoka, na hatukumwona sokoni wiki tatu. Mume wake alinipigia simu kuniuliza nimemwambia nini mke wake. Sikuwa na jibu la maana.

17 Februari

Wamekuja 17 tu. Wengine walipita mbali na kiti kana kwamba nauza sumu.

Nilimbembeleza nesi aje, akaja, akakaa nyuma yangu bila kusema kitu kwa robo saa. Kisha akaniambia: "Dada, wewe hupimi presha, unapima mkungu." Akatupa utaratibu ambao tangu siku hiyo umeandikwa nyuma ya daftari:

Mtu akae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, asiikunje nne. Mkono uwe wazi, uwekwe juu ya meza usawa wa moyo. Asiongee, na mpimaji naye asimwongeleshe. Awe hajanywa kahawa au chai ya rangi nzito nusu saa iliyopita. Apimwe mara mbili, katikati dakika moja au mbili. Na kipimo cha siku moja hakimpi mtu ugonjwa. Ikionekana 140 kwa 90 au zaidi, arudi siku nyingine, na nyingine tena. Akifika 180 kwa 120 na ana maumivu ya kifua, ganzi ya upande mmoja, macho kuona giza au ulimi mzito, hapo hakuna kusubiri Jumamosi: ni bajaji mpaka hospitali.

Tulihamisha meza kwenda nyuma ya banda la fundi cherehani. Vitenge viwili vikawa pazia. Namba haisomwi tena; inaandikwa kwenye kadi na mwenye kadi anaonyeshwa kwa kidole. Na muda tulisogeza: tunaanza saa tano, mikungu ikiwa imeshapangwa na wanunuzi wa jumla wameondoka. Hayo yote hayakugharimu hata senti.

2 Machi: futi ya fundi

Pamoja na utaratibu mpya bado kulikuwa na kitu hakikai sawa. Wanawake wenye mikono minene karibu wote walikuwa juu, hata wasichana wa miaka ishirini na tano. Mkanda ukijaa upepo unafunguka wenyewe, "krrr", mashine inaandika kosa, tunafunga tena kwa nguvu.

Fundi wetu, ambaye kazi yake ni kupima mikono ya watu, ndiye aliyeuliza: "Huo mkanda wenu ni saizi gani?" Tukatafuta. Pembeni umeandikwa kwa herufi ndogo, sentimita 22 hadi 32. Akachukua futi yake shingoni, akaanza kutupima katikati ya bega na kiwiko. Mimi 33. Mwekahazina 36. Mama lishe wa kona 38, akacheka mwenyewe, "huu ni mkono wa kusonga ugali wa watu sitini." Kati ya wanachama 27, kumi na moja walizidi 32.

Mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono, kipimo kinapanda kwa uongo. Tuliagiza wa 22 hadi 42 kutoka Dar es Salaam, 38,000, na 5,000 ya kifurushi kwenye basi. Zikabaki 58,000. Ningekuwa naanza leo ningepima mikono kabla ya kununua mashine, ningeomba yenye mkanda mpana tangu dukani.

Sasa kila kadi ina nafasi ya kuandika mzunguko wa mkono. Futi tumeazima kwa fundi, anaidai kila jioni.

16 Machi: mkojo

Hii sikuitegemea.

Mama mmoja wa ndizi, mpole, alitoa 158, namba ya juu. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema taratibu, "Subiri kwanza niende msalani, nimebana toka nyumbani." Aliporudi na kupumzika tena: 143. Nesi alipopita nikamweleza, akaniambia ndiyo, kibofu kikijaa presha inapanda, wewe hukunisikia nikikuambia? Labda aliniambia. Kwenye daftari halikuwemo.

Basi tukaanza kuuliza kila mtu kabla hajakaa: umeenda haja ndogo saa ngapi? Majibu yalinikaa rohoni. "Saa kumi alfajiri, nyumbani." "Kabla sijapanda gari." Na hapo ilikuwa saa sita mchana. Wengi hawaendi kabisa mpaka warudi mlimani jioni.

Choo cha soko ni shilingi 300 kila unapoingia. Ukienda mara tatu umetoa 900, na bado hujamlipa mtu wa kukuangalizia biashara, wala hujahesabu ndizi zitakazopungua ukiwa huko. Kwa hiyo njia wanayotumia ni kutokunywa maji. Chupa ninayoiona chini ya meza ni ya kunawia mikono. Ikifika saa nane kichwa kinagonga, macho yanazunguka, mtu anasema "presha yangu imeshuka", ananunua soda, wengine wanalamba chumvi kwenye kiganja. Chumvi! Kwa mtu ambaye pengine ana presha ya kupanda. Na wale wanaoumwa chini ya kitovu na kukojoa kwa maumivu kila mwezi wanajitibu kwa vidonge vya dukani, wanaita tu UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), kama vile ni mafua.

Mwezi huu wenzetu Waislamu wamefunga, hivyo nao wana sababu yao ya kutokunywa mchana. Lakini wakaniambia wenyewe, "sisi tunafunga mwezi mmoja, nyie mnafunga mwaka mzima."

Kwenye kikao cha kikoba tuliacha kuongelea mashine, tukaongelea choo tu. Mwekahazina alikwenda kwa mzabuni anayeendesha choo, na hesabu mkononi: wanachama 27, kila mmoja 3,000 kwa mwezi, zinalipwa mapema, 81,000 za uhakika, na mwenye kadi anaingia mara atakazo. Mzabuni alifikiri siku mbili, akakubali. Hela hii inatoka kwa mwanachama mwenyewe, haiguswi mfuko.

Wiki ya kwanza vijana wa mlangoni waliwafukuza wenye kadi, hawajui habari hizo. Ikabidi mzabuni agonge muhuri wake kwenye kila kadi. Muhuri ulimaliza ubishi.

27 Aprili: rufaa hewa

Mvua za mwaka huu zimetuvuruga. Jumamosi mbili hakuna gari lililoshuka kutoka juu. Kwa hiyo hesabu imekuja kwa kuchelewa.

Waliorudia kupimwa siku tatu tofauti, kwa mkanda sahihi, kibofu kitupu: 38. Waliobaki juu: 9. Ukikumbuka 29 wa siku ya kwanza utaona tulivyokaribia kutisha watu bure. Yule mama wa Uru yumo katika tisa, kwa 162. Nilimfuata hadi nyumbani kwake kumwomba radhi. Alinipikia mtori, akanisikiliza, akasema "aika mae", yaani asante kwa Kichaga, kwa namna ambayo sikujua kama nimesamehewa. Jumamosi iliyofuata alikuja.

Wote tisa tuliwaandikia barua ya kwenda zahanati. Baada ya wiki tatu walikuwa wamekwenda wawili.

Nilidhani ni uoga, nikaandaa maneno ya kuwatia moyo. Haikuwa uoga. Kliniki ya presha na sukari ni Jumanne asubuhi, na Jumanne ni siku yao ya kushusha mzigo. Aliyekwenda alikaa foleni hadi saa saba, ndizi zikaivia kwenye gari la mtu. Tulikwenda watatu kwa mganga mfawidhi, na kopi za kadi. Alitusikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia: wenye kadi zetu waje Alhamisi kuanzia saa nane mchana, wakati zahanati imetulia. Nauli na kopi 6,000.

Suala la dawa kulipiwa lilirahisishwa na CHF iliyoboreshwa, bima ya mfuko wa afya ya jamii, wakati huo 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Wanne hawakuwa nayo. Kikoba kiliwakopesha kwa riba ile ile ya kawaida, wanarejesha kwa wiki kumi.

18 Mei

Jana ilikuwa Siku ya Presha Duniani. Hatukufanya sherehe. Saba kati ya tisa wameanza dawa. Mmoja amehamia kwa binti yake Arusha, tumempa kadi aende nayo. Mmoja amekataa, anasema mama yake alianza dawa za presha akafa. Tumemwambia aendelee kupimwa tu, maneno mengine tumeyaacha.

Nesi amekuja mara tatu hadi sasa, kila mara tumempa 10,000 ya nauli na chai. Zimebaki 22,000.

15 Juni: magadi

Nesi alisema punguzeni chumvi, kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu, ikiwemo iliyomo ndani ya vyakula. Wote wakaitikia ndiyo. Kisha akasema na magadi pia. Kimya. Halafu makelele.

Magadi yana sodiamu kama chumvi ilivyo nayo, na haya yetu ya kuchimbwa ziwani yana floraidi, ile inayoharibu meno ya watoto yakawa ya kahawia, kitu ambacho huku kila mtu amekiona. Lakini kwa mama lishe, magadi si ladha tu. Ni mkaa. Maharage yenye magadi yanaiva upesi, na mkaa ndiyo faida yake.

Kwa hiyo badala ya kuhubiri tulipika. Sufuria tatu, maharage ya aina moja kilo moja moja, majiko matatu yanayofanana, gharama 14,000. Ya kwanza makavu bila magadi: saa mbili na dakika arobaini. Ya pili makavu na magadi: saa moja na nusu. Ya tatu yalilowekwa usiku kucha, maji ya kulowekea yakamwagwa, bila magadi: saa moja na dakika ishirini. Mama lishe wa kona alisimama na simu akihesabu dakika, hakumwamini mtu. Tangu siku hiyo analoweka. Tatizo lake lilikuwa ndoo ya kulowekea na panya wa bandani. Sasa analoweka nyumbani anakuja nayo asubuhi.

Kiburu kilitushinda. Ndizi na maharage bila magadi, bibi mmoja wa Kibosho alionja, akatema kistaarabu kwenye kiganja, akasema, "Hiki ni chakula cha hospitali." Tumeafikiana naye nusu ya kile anachozoea, na chumvi asiongeze juu. Sijui kama anatimiza. Sikwenda kuchungulia chungu cha mtu.

6 Julai: mzabuni mpya

Mwaka wa fedha umeanza, zabuni ya choo imekwenda kwa mtu mwingine. Kadi zetu zenye muhuri wa yule wa zamani hazina thamani, na tulikuwa tumeshalipa Julai nzima: 81,000. Wa zamani amerudisha 50,000, iliyobaki anasema ameshaila, hivi hivi.

Jumamosi ya leo nimepima watu sita waliobana. Mambo yanarudi upesi namna hiyo.

Kosa letu: makubaliano yalikuwa ya mdomo, kati yetu na mtu, si kati yetu na soko. Tumeandika barua kwa kamati ya soko, nakala kwa mtendaji wa kata. Naongeza baadaye: kamati ilikaa nayo majuma mawili, kisha ikamwita mzabuni mpya mbele yetu. Bei ile ile, 3,000, lakini safari hii imeandikwa na imesainiwa, na wasio wanakikoba nao wanaweza kununua kadi. Tuliomba pia ndoano ya kutundikia mkoba na kikapu chenye mfuniko kwa ajili ya pedi. Ndoano imewekwa. Kikapu tumenunua wenyewe.

Mfuko ulibaki na 8,000. Kila mwanachama ameongeza 2,000, sasa 62,000.

14 Septemba: vidonge vya mgongo

Wawili kati ya saba walikuwa hawashuki. Wanakula dawa kila siku, nimehesabu vidonge vilivyobaki, hesabu inakubali. Mmoja ni yule wa Uru. Nesi alimwambia aje na kila kitu anachomeza, hata majani. Akamwaga pochi mezani: dawa ya presha, vidonge vya mafua, na karatasi mbili za diklofenaki. Anameza kila siku ya soko kabla ya kushusha mikungu, kwa ajili ya mgongo, mwaka wa nne sasa. Mwenzake naye vilevile.

Dawa za jamii ya diklofenaki zinapandisha presha na kuichosha figo. Hakuna aliyewahi kuwaambia, kwa sababu hawakuwahi kuziita dawa. Ni "za mgongo".

Kumwambia mtu aache wakati mkungu bado anaubeba kichwani ni kumtania. Tulikaa na vijana watatu wa mikokoteni. Mkungu mmoja kutoka garini hadi mezani walikuwa wanataka 500. Kwa mzigo wa pamoja wa wanachama, mikungu ishirini kwenda juu kwa asubuhi moja, wamekubali 200. Yule wa Uru ana mikungu minane, ni 1,600. Aliguna. Karatasi moja ya diklofenaki na soda ya kichwa cha saa nane zilikuwa zinamla karibu hiyo hiyo, nikamfanyia hesabu nyuma ya kadi yake. Dawa ya maumivu sasa anatumia parasetamo, akizidiwa tu.

Betri tumebadilisha mara mbili, 8,000, ndipo tukapata akili ya kununua waya wa umeme, 12,000, tunachomeka kwenye cherehani ya fundi. Zimebaki 42,000.

12 Oktoba

Katika saba, watano wako chini ya 140 kwa 90 kwa mara mbili mfululizo. Yule wa Uru leo 136 kwa 84. Aliikagua kadi kwa muda mrefu, akaifunga kwenye pembe ya kanga pamoja na hela. Mmoja anapanda na kushuka. Mwingine aliacha dawa mwezi mzima kwa sababu "imepona", na alikuwa amempa jirani vidonge vitatu. Ameanza upya.

Tumetumia jumla ya 252,000 kwa miezi minane, mbali na hela za choo na mikokoteni ambazo kila mtu anajilipia. Daftari la kwanza limejaa. Kiti kimoja kimekatika mguu, fundi wa plastiki anataka 2,000 kukichoma. Wauza mitumba wanataka siku yao ya katikati ya wiki, na sina mtu wa kukaa mezani siku hiyo isipokuwa nifunge maparachichi, kwa hiyo wawili wao wanajifunza kupima kwangu kuanzia Jumamosi ijayo.

Anayetaka nakala ya kadi yetu aje Jumamosi baada ya saa tano, nyuma ya banda la fundi cherehani. Apitie msalani kwanza.